Kushukuru baada ya usaili: barua pepe, WhatsApp, SMS, karatasi au kunyamaza?

Shukrani baada ya usaili haimpi mtu kazi aliyoikosa mbele ya jopo. Naanza na hilo kwa sababu mitandaoni umejaa ushauri uliochotwa moja kwa moja kutoka Marekani, ambako kumwandikia mwajiri ndani ya saa 24 ni desturi na waajiri wengine huitarajia. Huku kwetu sijakutana na mwajiri anayemkata alama mtu ambaye hakuandika. Lakini nimekaa upande wa jopo, kwenye kampuni na kwenye shule, na nimeona ujumbe mfupi ukimsaidia mtu aliyekuwa analingana kabisa na mwenzake. Nimeona pia ujumbe ukimharibia mtu ambaye tayari tulikuwa tumemwelekea. Kilichowatofautisha kilikuwa njia waliyoitumia, na kama walichotuma kilikuwa shukrani kweli au ombi lililovishwa nguo ya shukrani.

Nazilinganisha hapa njia zote ambazo watu huniuliza, na nasema mapema ninakoegemea: fuata njia ambayo mwajiri mwenyewe aliitumia kukuita. Mengine yote yanatokana na hapo, isipokuwa kwa ajira za serikali, ambazo zina sheria zake.

Barua pepe na WhatsApp

Hizi mbili ndizo zinazowachanganya watu zaidi, maana zote ziko kwenye simu moja na zote hufika papo hapo. Kwa anayepokea, ni vitu viwili tofauti.

Barua pepe inaingia ofisini. Ukiijibu ileile iliyokuita kwenye usaili badala ya kuanzisha mpya, mtu wa HR (idara ya rasilimali watu) anaona chini yake jina lako, nafasi uliyoomba na tarehe uliyopangiwa, wala hahangaiki kukumbuka wewe ni yupi kati ya wote aliowaona wiki hiyo. Anaweza kuwatumia wajumbe wengine wa jopo vilevile ilivyo, au kuichapa na kuiweka kwenye faili lako. Anaisoma akipata nafasi, na hakuna anayemhesabia. Nafasi hiyo ya kukaa kimya bila kuonekana mkorofi ni sehemu ya heshima unayompa.

WhatsApp inaingia kwenye maisha yake ya nyumbani. Inatua katikati ya picha za harusi, michango ya msiba na kikundi cha wazazi wa darasa la tatu. Zile tiki zikigeuka bluu, unajua amesoma, na yeye anajua kwamba unajua. Akinyamaza, ataonekana ana dharau. Akijibu, tayari ana mazungumzo ya pembeni na mwombaji mmoja wakati wengine hawana. Unamweka mahali pagumu bila kukusudia. Tena, mkiwa mmehifadhiana namba, anaziona na statasi zako. Mtu ameshukuru saa kumi jioni, saa tatu usiku anatupia statasi ya kulalamikia "usaili wa kupotezeana muda": hiyo ya usiku ndiyo itakayokumbukwa.

Hata hivyo siitupi WhatsApp. Kuna waajiri wengi ambao kazi zao zote zinafanyika humo: nyumba za wageni za Zanzibar, maduka ya jumla ya Kariakoo, shule binafsi ndogo, kampuni za usafirishaji zenye ofisi ya chumba kimoja. Tangazo lilisambazwa WhatsApp, CV ikatumwa WhatsApp, ukaitwa kwa WhatsApp. Mwajiri wa namna hiyo ukimwandikia barua pepe rasmi, huenda asiione kabisa. Kwake, WhatsApp ndiyo ofisi. Muhimu ni kwamba namba iwe ile iliyokuita. Namba uliyopewa na rafiki anayefanya kazi humo, au uliyoiokota kwenye kikundi, haukupewa na mwajiri, hata kama ni ya mwajiri mwenyewe. Mtu akipokea ujumbe wa mwombaji kwenye namba ambayo hakuitoa, kitu cha kwanza anachojiuliza ni nani kaitoa, na shukrani yako inasomwa ukiwa tayari umetiliwa shaka.

Nichukue mfano wa mtu aliyefanya usaili wa mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Aliitwa kwa barua pepe, na anajibu kwa barua pepe jioni ileile (EFD anayoitaja ni mashine ya risiti za kodi, ripoti ya Z ni jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine hiyo, na ritani ya VAT ni taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani):

*Ndugu Afisa Rasilimali Watu,*

*Nakushukuru wewe pamoja na wajumbe wa jopo kwa muda mlionipa leo asubuhi kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi.*

*Mlieleza kwamba matawi mawili huleta taarifa za mashine za EFD mwishoni mwa mwezi, na ndiyo sababu ritani ya VAT hukamilishwa kwa haraka inapokaribia tarehe 20. Nilipo sasa tunakusanya ripoti ya Z ya kila tawi kila jioni na kuilinganisha na mauzo kesho yake asubuhi, kwa hiyo mwisho wa mwezi hubaki kazi ndogo. Mwenyekiti wa jopo aliomba kuona jedwali tunalotumia. Nimeambatanisha nakala tupu isiyo na takwimu za mwajiri wangu.*

*Nia yangu ya kufanya kazi nanyi ni ileile. Asanteni.*

Basi. Hakuna pale "nachukua fursa hii adhimu", wala "kampuni yako tukufu". Kuna jambo moja lililosemwa ndani ya chumba, na jibu lake. Aliyelisema atakumbuka kwamba alilisema, na ataona kwamba mwombaji alikuwa anasikiliza. Angalia pia lile jedwali: liliombwa, na limetumwa tupu. Mtu anayetuma takwimu za mwajiri wake wa sasa ili kuwafurahisha wapya anawaonyesha atakachowafanyia wao siku akiondoka.

Sasa weka hii kando yake:

*Habari bosi, natumaini u mzima wa afya. Nashukuru sana kwa usaili wa leo, Mungu akubariki sana. Naamini mtanifikiria maana kwa kweli nina familia inayonitegemea na kazi nimehangaika nayo muda mrefu. Naomba kujua majibu yanatoka lini?*

Nawaelewa wanaoandika hivi, na hakuna neno la uongo humo. Lakini shukrani imeishia kwenye sentensi ya pili. Kuanzia hapo ni ombi, na limemwangukia mtu mmoja ambaye hana mamlaka ya kulijibu peke yake. Wengine waliofanya usaili siku hiyo nao wana familia. Alama ya kuulizia pale mwisho ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa inamdai jibu. Ukitaka kujua kama ulichoandika ni shukrani, kisome uone kama anayepokea anaweza kukifunga na kuendelea na kazi zake bila kudaiwa kitu. Akiweza, tuma.

Mtu yuleyule angeitwa kwa WhatsApp, maudhui yangebaki hayo lakini kwa ufupi: salamu, jina lake kamili na nafasi (usidhani namba yako imehifadhiwa), asante, ile hoja moja kwa sentensi moja, na kwaheri. Ujumbe mmoja, si vipande sita vinavyolia kimoja kimoja. Usitume ujumbe wa sauti. Mtu wa ofisini hawezi kuusikiliza mbele ya wenzake, hawezi kuupitisha macho kwa sekunde mbili, na hawezi kuuweka kwenye faili.

Umwite nani, na kwa lugha gani

"Bosi" na "mkuu" ziache mtaani. "Mheshimiwa" ina wenyewe: wabunge, mawaziri, mahakimu. Kwa kampuni, cheo kinatosha, au Bw. na Bi. pamoja na jina kama ulitambulishwa. Aliyejitambulisha kwa jina la kwanza na kukuambia umwite Dada fulani, mwite hivyo kwenye WhatsApp na SMS, lakini kwenye barua pepe itakayosomwa na wengine rudi kwenye cheo.

Shikamoo watu huiuliza sana. Kwa Tanzania, ukimwandikia WhatsApp meneja wa shule aliye na umri wa mzazi wako, "Shikamoo Mwalimu" ni adabu ya kawaida na kuiacha kunaweza kuonekana. Kwenye barua pepe ya kampuni, "Habari za jioni" inatosha, maana hujui nani mwingine ataisoma, na kumwamkia mtu usiyemjua umri kunaweza kumkera. Nairobi na Kenya bara kwa jumla, shikamoo haimo katika mazungumzo ya kazi.

Lugha ni ile mliyoitumia ndani ya chumba. Usaili ukifanyika kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida benki, mashirika ya kimataifa na kampuni nyingi za Kenya, andika kwa Kiingereza. Ukifanyika kwa Kiswahili, andika Kiswahili sanifu, bila kuona kwamba Kiingereza kitakupandisha daraja. Ukichanganya lugha mbili kwenye barua ya mistari minane, unaonyesha kwamba hukuwa na uhakika na yoyote kati yake.

SMS na simu

SMS imedharauliwa bila sababu. Inafika kwenye simu ya kitochi, inafika bila bando, haina tiki za bluu, haina picha ya wasifu. Kwa mwajiri aliyekupigia simu tu kukuita, bila barua pepe wala WhatsApp, SMS ndiyo njia ya staha kuliko zote.

Ina mipaka yake ya kiufundi, na inafaa kuijua. Ujumbe mmoja wa SMS unachukua herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Kiswahili hakina herufi zenye alama za juu, kwa hiyo zote 160 ni zako. Ukitia emoji hata moja, simu inabadilisha mfumo wa kuandika na nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe wako unakatwa vipande. Ile mikono iliyokunjwa ya kushukuru inakula zaidi ya nusu ya nafasi yako. Mfano huu unaenea kwenye ujumbe mmoja:

*Habari Dada Rehema. Ni Juma, nafasi ya mapokezi. Asanteni kwa usaili wa leo. Barua ya mdhamini mliyoitaka nitaileta kesho saa tatu asubuhi. Siku njema.*

Juma ameshukuru, amejitambulisha, na ameahidi kitu kilichoombwa pamoja na saa. Kesho saa tatu akiwa mlangoni na barua yake, hiyo ndiyo shukrani iliyokamilika.

Simu, kwa upande mwingine, siishauri karibu kamwe. Ukipiga kushukuru unamlazimisha mtu aache anachofanya, aseme maneno ya heshima ambayo hakuyapanga, na ajizuie asitoe hata fununu ya matokeo. Mazungumzo ya dakika moja yanajaa vimya. Panapofaa simu ni pawili tu: wakala wa ajira anayekutafutia kazi nje, kwa mfano hoteli za Dubai au Doha, ambaye kazi yake ni kupokea simu zako na anahitaji kusikia usaili ulikwendaje ili naye aongee na mwajiri, na mtu aliyekudhamini. Huyo wa pili wengi humsahau. Mwalimu wako wa zamani au msimamizi wako aliyekubali jina lake liwekwe kwenye CV anastahili kupigiwa siku hiyohiyo, ashukuriwe, na aambiwe ni nani huenda akampigia na kwa kazi gani. Katika simu zote za siku ya usaili, hii ndiyo yenye faida ya wazi.

Barua ya karatasi

Kwa ofisi nyingi imepitwa. Posta yetu kwa kawaida hupeleka kwenye masanduku, si mlangoni, na barua iliyoelekezwa S.L.P. inaweza kukaa hadi mhudumu apangiwe safari ya kwenda kuichukua. Wakati huo uamuzi umeshafanyika.

Inabaki na nafasi pale karatasi ilipo kawaida: shule za misheni, hospitali za dini, vyama vya ushirika, taasisi zilizotaka hata barua ya maombi iandikwe kwa mkono. Huko unaipeleka mwenyewe kwenye masjala, kwenye bahasha, na unakuwa na nakala ya pili ili igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Inafuata umbo la barua rasmi: anwani mbili, tarehe, YAH: SHUKRANI KWA USAILI WA NAFASI YA MUUGUZI, aya mbili fupi, saini. Ukiikabidhi, ondoka. Usiombe kumwona Mganga Mfawidhi "dakika moja tu". Ukishaomba hivyo umekuja kutafuta kazi upya, na walio mapokezi wataiona hivyo.

Na bahasha iwe na barua peke yake. Najua wapo wanaobeba kitu kidogo, asali ya kwao au kitenge, kwa moyo mweupe. Kabla uamuzi haujatoka, zawadi kwa mjumbe wa jopo inaweza kuhesabiwa kuwa rushwa, Tanzania chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, Kenya chini ya sheria ya 2016, na ukimpa unamtia matatizoni hata yeye.

Kunyamaza

Hapa ndipo ushauri wa kuiga unapowaumiza watu zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tanzania, ajira nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unaomba kwenye Ajira Portal, unaitwa kupitia tangazo, unafanya usaili wa kuandika wa mchujo, kwa kada nyingine wa vitendo, kisha wa mahojiano. Majina ya wanaoitwa kazini hutangazwa. Waliofaulu ambao nafasi hazikuwatosha huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa nafasi zikitokea. Katika mpangilio huo wote hakuna mahali barua yako ya shukrani inapoweza kukaa. Alama zimeshajazwa na wajumbe, na wajumbe hawatakiwi kuwa na mawasiliano na wewe. Kumtafuta mmoja wao kwa jina, hata kwa neno "asante" tu, kunaonekana kama kutafuta upenyo.

Kenya wameliandika waziwazi. Matangazo ya Tume ya Utumishi wa Umma na ya bodi za utumishi za kaunti huonya kwamba kushawishi kwa namna yoyote kunamwondoa mwombaji, na ibara ya 232 ya Katiba ya 2010 inataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na sifa. Huenda wewe unaita shukrani kile ambacho mjumbe makini atakiita ushawishi, na uamuzi wa jina ni wake.

Kwa hiyo kwa serikali, shukrani yako imalizie chumbani. Simama, sema "Nawashukuru kwa muda wenu", toka. Hiyo inatosha, na hakuna atakayekulaumu kwa kutoongeza. Kama ulikosea taarifa fulani, tarehe ya cheti au namba ya usajili, irekebishe kupitia mfumo au anwani rasmi ya taasisi, na uandike marekebisho tu.

Kunyamaza kunafaa pia kwa kampuni binafsi iliyokuambia wazi "msituandikie, tutawatafuta". Wanaosema hivyo wanamaanisha.

Saa ya kutuma

Siku hiyohiyo kabla ya giza, au kesho yake kabla ya adhuhuri. Usaili wa Ijumaa uandikie Ijumaa jioni kwa barua pepe. Kwa WhatsApp au SMS subiri Jumatatu, umwache mtu na wikiendi yake. Ikipita siku ya tatu usitume tena, maana itasomwa kama kuulizia majibu. Kuulizia kuna wakati wake: walipokwambia wiki mbili, subiri ziishe, ongeza siku chache za kazi, kisha uliza mara moja kwa njia ileile. Usivitie vyote viwili kwenye ujumbe mmoja.

Kushukuru baada ya kukosa

Karibu hakuna anayeifanya hii, na mimi naiweka juu ya zote nilizotaja. Umepokea ile barua pepe ya "tunasikitika kukufahamisha". Jibu kwa mistari mitatu: asante kwa kunijulisha, nilifurahi kuelewa kazi yenu, na nafasi nyingine ikitokea ningependa kufikiriwa. Usiulize kwa nini ulikosa; kama unataka maoni, omba kwa sentensi moja na ukubali kimya.

Sababu yake ni ya kiutendaji. Kwenye kampuni binafsi, aliyeshika namba moja si lazima aje. Anaweza kupata mshahara mkubwa kwingine, au mwajiri wake wa zamani akamwongezea abaki, au akaja na kuacha kabla ya muda wa majaribio kwisha. Hapo mara nyingi HR harudii kutangaza upya. Anafungua orodha ya usaili na kumtafuta wa pili na wa tatu, na katika hao wawili, yule aliyeandika mistari mitatu barua pepe yake iko palepale, ina jina, nafasi na namba ya simu. Kwa hiyo hakikisha namba uliyoiweka chini ya jina lako ni ile inayopatikana, na ukibadilisha laini, mwandikie tena umpe mpya.